Anatakiwa Muuza Mahema

Salamu zilisomwa redioni saa nane kasorobo mchana, baada ya taarabu na kabla ya bei za soko.

"Mwalimu Kavumbi wa Kikoneni anawasalimu wote walioko Lunga Lunga, na ujumbe wake ni huu: maembe ya juzi yameiva, njooni na vikapu."

Mwanapili Matano aliizima redio.

Hakukuwa na Mwalimu Kavumbi yeyote Kikoneni. Hajapata kuwapo. Kulikuwa na agizo tu, nalo alilijua kwa moyo. Maembe, piga simu. Ya juzi, upesi. Vikapu, usije na silaha.

Hilo la mwisho lilimuudhi.

Ebo! Mtu amefunzwa mwaka mzima kulenga shabaha, kuendesha Land Rover mchangani na kufungua bastola ya Beretta macho yamefumbwa, kisha anaambiwa aje mikono mitupu? Alikuwa na miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Msambweni, na mpelelezi wa pekee wa kike katika Idara ambayo mlango wake hauna kibao. Alitia Beretta kabatini, akafunga kwa ufunguo, akaenda posta ya Ukunda kupiga simu.

"Nani?" Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya Mzee Abdurahman, mkuu wake, aliyekaa Mombasa na kunywa kahawa kuliko inavyofaa.

"Mwenye kikapu. Shikamoo."

"Marahaba. Kesho saa nne asubuhi unakwenda kwenye mahojiano."

"Namhoji nani?"

"Humhoji mtu. Wewe ndiye utakayehojiwa. Kazi ya kuuza mahema."

Mwanapili alikigandamiza chuma cha simu sikioni.

"Mzee, simu hii ina kelele. Umesema mahema?"

"Mahema. Na taa, na ndoana, na viatu vya kupandia milima. Duka la Dorrell, Diani. Unalijua?"

Nani asiyelijua? Dorrell alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni hapo Kwale. Bendera yao iliposhushwa mwaka uliopita, wenzake walifunga masanduku wakaenda kwao. Yeye alibaki, akafungua duka la vifaa vya safari na uvuvi, akawa anawauzia wageni wa mahoteli. Watu walisema ameipenda nchi. Watu nao!

"Tumeikamata barua," alisema Mzee Abdurahman. "Fupi. Bunduki kumi na mbili. Jumamosi. Uwanja wa Msambweni. Bendera ikifika juu."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Jumamosi ilikuwa tarehe kumi na mbili Desemba, elfu moja mia tisa sitini na nne, siku ya Jamhuri.

"Polisi hawajalipekua duka?"

"Mara mbili. Tulisingizia leseni. Walikuta mahema na ndoana. Wakiingia mara ya tatu wakatoka kapa, ataita mawakili na magazeti."

"Basi iahirisheni sherehe."

"Tukiahirisha atajua kwamba tumejua. Atazihamisha, atangoja siku nyingine ambayo hatukuambiwa. Zipatikane kesho, Mwanapili." Mzee alikohoa. "Mamako bado anaongoza ngoma ya sengenya?"

Mwanapili alikishika chuma cha simu kwa mikono miwili.

"Anaongoza. Mstari wa mbele, chini ya mlingoti."

"Basi sina la kuongeza. Ila moja. Hutakuwa Mwanapili. Utakuwa Rispah, wa Nakuru."

"Kwa nini?"

"Soma tangazo lake gazetini. Anatakiwa muuzaji mwenye heshima. Waombaji wa Pwani wasijisumbue. Anasema mnajuana mno."

Mwanapili alihisi damu inampanda masikioni. Nchi ina mwaka mmoja tu, na mtu amekaa kwenye ardhi ya watu, anavua samaki wao, anakunywa maji yao, halafu anawaandikia wasijisumbue!

"Nitajisumbua," alisema, akakata simu.

*

Alhamisi, saa nne kasoro dakika kumi.

Mbele ya duka la Dorrell, ng'ambo ya barabara, palikuwa na muuza madafu mgeni. Alikuwa Inspekta Nzai wa polisi, na madafu yalikuwa yamemshinda. Kila alipotema kwa panga alimwaga nusu ya maji mchangani, na wateja wawili walikwisha kumtukana. Chini ya rundo la makumbi alificha kopo la Kimbo. Ndani ya kopo hakukuwa na mafuta. Kulikuwa na redio ya kupokea na kurusha mawimbi, na bati la kopo lilitobolewa vitundu ili sauti itoke.

Mwanapili alipita karibu naye bila kumtazama.

"Watu wangu kumi na wanne wako hoteli ya pili, jikoni," alisema Nzai akikwangua dafu. "Mlio mmoja, tunaingia."

"Usijikate kidole," alisema Mwanapili.

Alivaa sketi ya kijivu, blauzi nyeupe na viatu vyeusi vya kufunika, vya visigino. Mkoba mkononi. Ndani ya mkoba kulikuwa na kikebe cha poda, na chini ya poda kulikuwa na kidude cha kubonyeza. Ubonyeze mara moja, kopo la Kimbo lilie. Ndiyo silaha yake yote ya siku hiyo.

Mlangoni alisimama Krige, dereva wa Dorrell, mtu mnene kama kabati. Aliunyang'anya mkoba, akapekua. Akakifungua kikebe, akakinusa. Akapiga chafya tatu.

"Pita," alisema, machozi yakimtoka.

Duka lilikuwa zuri, tuseme kweli. Lilinukia turubai mpya na nta. Taa za Petromax zilipangwa kwa ukubwa, majiko ya Primus yaling'aa, darubini za Zeiss zilikuwa kwenye kabati la vioo. Ukutani palitundikwa fito za kuvulia na bunduki za kuchomea samaki, zile za mpira na mshale. Katikati ya sakafu ya mbao, hema kubwa la kijani lilisimamishwa la maonyesho, kamba zake zimefungwa kwenye kulabu za ukutani.

Kwenye benchi walikaa wengine wawili. Kijana mwenye tai kutoka Nairobi, na msichana aliyeitwa Jemima, wa Machakos, ambaye alikuwa anasali kimyakimya. Kijana aliitwa kwanza. Hakumaliza dakika tatu. Jemima alimaliza tano, akatoka anauma mdomo.

"Amesema meno yangu si mazuri," alimwambia Mwanapili. "Meno na mahema wapi na wapi?"

"Nenda dada. Utapata kazi kwa mtu," alisema Mwanapili. Alisema kwa kweli.

"Ingine!" ilisema sauti.

Dorrell alikuwa nyuma ya kaunta, mrefu, mwembamba, suruali fupi iliyopigwa pasi vizuri. Pembeni yake alisimama mzee mmoja wa Kiafrika mwenye koti la khaki, na daftari mkononi. Huyo alikuwa Garama, mzaliwa wa Mwabungo, msimamizi wa duka. Alimtumikia Dorrell miaka kumi na miwili, kwanza nyumbani kisha dukani, na mpaka siku hiyo Dorrell alimwita boi.

Mwanapili alimtazama mzee wa watu, mvi zimemjaa kidevuni. Shikamoo ilimfika ulimini. Akaimeza.

"Habari yenu," alisema, kama mtu wa Nakuru asiye na haraka ya adabu.

"Jina yako nani?" Dorrell alisema. Kiswahili chake kilikuwa kile cha masetla, cha kumwagiza mtu kuni na maji moto.

"Rispah, bwana."

"Wewe nafanya kazi wapi mbele?"

"Mimi iko na miaka tatu ya kuuza. Nairobi. Viatu na mablanketi." Maneno hayo yalimuuma kuliko kiatu. Bi Kadzo, mamake, angesikia Kiswahili hicho kikitoka kinywani mwa bintiye angemfukuza nyumbani na fagio.

Dorrell aliweka taa ya Petromax mbele yake.

"Mimi mgeni. Mimi nataka tochi tu. Wewe nafanya nini?"

"Mimi naleta tochi, bwana. Halafu mimi nauliza, bwana anakwenda kulala wapi? Kama anakwenda milima ya Shimba, tochi itamwonyesha nyoka moja. Hii itamwonyesha nyoka yote."

Dorrell alicheka kidogo, bila kupenda. Akauliza ya ndoana, akajibiwa. Ya darubini, akajibiwa. Mwanapili alikuwa amekesha na vitabu vya bei, na isitoshe alikuwa na mdomo. Kama hangekuwa mpelelezi angeuza duka zima kabla ya adhuhuri.

"Na kama Mwafrika nakuja nataka hema?" Dorrell aliegemea kaunta. "Mwafrika nafanya nini na hema?"

Garama aliinamisha macho kwenye daftari.

"Atakaa ndani, bwana," alisema Mwanapili. "Nyumba yake nyinyi mliilipisha kodi miaka mingi. Pengine hema ilisahauliwa."

Kalamu ya Garama ilisimama. Mwanapili alijilaumu papo hapo. Ulimi huo, ulimi huo!

Lakini Dorrell alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Mkali. Wageni napenda mkali. Haya. Mutihani ya mwisho. Mimi mgeni. Onyesha mimi hema kubwa. Acha mkoba hapa."

Mkoba ukabaki kwenye kaunta, na poda ndani yake.

Mwanapili alikwenda kwenye hema, Garama akimfuata nyuma na daftari la maksi. Alifunua pazia la turubai. Ndani palikuwa na kitanda cha kukunja, meza ndogo, na chini, kutoka ukingo hadi ukingo, mkeka mzuri wa kwao, wa ukili uliotiwa rangi nyekundu na nyeusi. Ulifumwa na mtu anayejua kazi.

Aliingia.

"Hema hii ni ya watu nne," alianza kwa sauti, "na turubai yake haipitishi maji..."

Akasimama palepale.

Kitu kigumu kiligusa unyayo wake wa kulia. Pete. Pete ya chuma, iliyolazwa chini ya mkeka. Unyayo wa kushoto nao ulihisi ubao unabonyea, na kipande cha upepo kikipenya kati ya vidole.

Polisi waliingia humu mara mbili. Waliinama chini ya kitanda, wakageuza meza, wakakanyaga huku na huku na mabuti yao ya chuma. Wasingehisi pete wala nini.

Bunduki zilikuwa chini ya miguu yake.

Ya miguu yake mitupu.

Mwanapili aligeuza shingo polepole. Mlangoni mwa hema, viatu vyake vyeusi vilikuwa vimekaa pamoja, vimepangwa vizuri, ncha zimeelekea nje. Hakukumbuka kuvivua. Aliona mkeka, akavua, kama alivyofanya tangu alipojua kutembea.

Na Garama alikuwa anavitazama viatu hivyo.

Mzee alichuchumaa pale mlangoni. Alisema taratibu, Kiswahili cha kwao.

"Mwanangu, Nakuru ipi hiyo ambako mtu akiona mkeka anavua viatu?"

"Nakuru mjini," alisema Mwanapili.

"Vijana wa bara kumi wameingia humu wiki hii. Kumi. Hata mmoja hakuvua." Macho yake yalikuwa na woga mkubwa. "Bwana aliniapia. Mtu wa pwani akipita hapa mbele yangu nisimwone, nitatoka kazini na nyumbani siku hiyo hiyo. Nina wajukuu sita. Kwa nini umenifanyia hivi?"

"Mzee, nisikilize..."

Hakusikiliza. Woga ni kitu kibaya, na miaka kumi na miwili ya woga ni kibaya zaidi. Garama alisimama, akageukia kaunta.

"Bwana! Huyu si wa bara. Huyu ni wa hapa hapa."

Krige alikomea mlango wa duka.

Dorrell alitoa bastola ya Webley chini ya kaunta, akaja hadi mlangoni mwa hema, akavitazama viatu. Akatikisa kichwa kama mwalimu aliyefurahishwa na mwanafunzi.

"Adabu njema hizi, bibie," alisema. "Mama yako amekulea vyema. Ni watu wa Msambweni, au nimekosea?"

Garama aligutuka, daftari likamponyoka.

Kiswahili hicho hakikuwa na setla hata chembe. Kilikuwa safi, kimenyooka, cha mtu aliyekaa na mashekhe akafundishwa. Miaka kumi na miwili mzee wa watu aliambiwa lete kuni, toka hapa, wewe mjinga, na mtu aliyeweza kumwambia tafadhali.

"Hukukosea," alisema Mwanapili. Naye aliiacha ile lugha ya kuazima, na kifua kikampanuka. "Ni mtu wa Msambweni, binti wa Bi Kadzo. Na wewe usimtaje mama yangu tena kwa kinywa hicho."

"Na Idara imekutuma bila hata kisu."

"Imenituma na miguu."

Dorrell hakuelewa. Mwanapili alimgeukia Garama, aliyesimama mikono ikining'inia.

"Mzee Garama, shikamoo."

"Marahaba," alijibu Garama, kabla hajajua kwamba amejibu.

"Hema hili husafishwa na nani?"

"Hafagii mtu humo. Bwana amekataza."

"Boi, nyamaza!" alisema Dorrell.

"Umejiuliza kwa nini?"

"Nimesema unyamaze! Na wewe, toka humo. Mikono juu."

"Piga," alisema Mwanapili. "Hoteli iko hatua mia mbili, wageni wanakunywa chai. Piga uwaite."

Dorrell hakupiga. Alikuwa na siku mbili za kufika Jumamosi, na mlio mmoja ungezimaliza. Katika kusita huko, Mwanapili aliuvuta mkeka kwa mikono miwili, akaukunja upande. Akashika pete, akavuta. Mlango wa sakafuni ukafunguka na kugonga mguu wa kitanda.

Ndani ya shimo zililala bunduki, mpya, zimepakwa mafuta. Mwanapili alihesabu kwa jicho. Kumi na moja.

Kando yake, zimekunjwa vizuri, kulikuwa na kanzu nyeupe. Juu ya kila kanzu, kofia ya vito, iliyotariziwa kwa mkono.

Garama alisogea. Alipita ubavuni mwa bastola kama haioni. Aliinama akaokota kofia moja, akaigeuza, akatazama ushonaji wa ndani.

"Hizi nilinunua mimi," alisema. "Mombasa, mwezi jana. Kumi na mbili. Nilizichagua moja moja. Bwana, uliniambia ni za kuwauzia watalii."

Dorrell alitupia mlango jicho.

"Ni za Jumamosi, mzee," alisema Mwanapili. "Uwanja wa Msambweni, bendera ikifika juu. Watakaopigwa risasi ni sisi, na watakaoonekana wamepiga ni sisi. Watu wa kanzu na kofia. Nani atauliza zaidi?"

"Wajukuu wangu watakuwa pale," alisema Garama. "Wameshonewa nguo."

Dorrell alishusha pumzi, kwa uchovu wa mtu anayeeleza jambo dogo.

"Mwaka mmoja tu mmejitawala. Mkianza kuuana, dunia itatuomba turudi. Sikuyapanga haya kwa chuki, Garama. Wewe nilikuwa nimekutengea nafasi."

"Nafasi ya boi?"

Mzee hakungoja jibu. Alipiga ukelele ambao haukuwa neno la lugha yoyote, akachomoka hemani, akairukia kulabu ya ukutani, akalifungua fundo la kamba kuu kwa mkupuo mmoja. Alikuwa amelifunga fundo hilo mwenyewe kila asubuhi.

Hema likaanguka.

Lilianguka lote, nguzo, turubai na kamba, juu ya Dorrell aliyesimama mlangoni mwake. Mwanapili alikwisha kuruka upande wa pili kwa kupasua dirisha la wavu. Chini ya turubai zito bastola ililia, mlio umemezwa kama kikohozi. Taa ya Petromax ikapasuka ukutani. Ikalia tena, na risasi ikatoboa dari.

"Krige!" Sauti ilitoka kwenye turubai.

Krige alikuja kutoka mlangoni, na mikononi mwake alikuwa na bunduki ndefu, mpya, iliyopakwa mafuta.

Hiyo ndiyo ya kumi na mbili.

Mwanapili alibingirika nyuma ya kabati la darubini. Vioo vikamwagika. Alinyoosha mkono juu bila kutazama, akashika kitu cha kwanza kilichokuwa ukutani. Bunduki ya kuchomea samaki. Akavuta mpira, ukanaswa. Mtu wa Msambweni haogopi kitu cha kuvulia samaki.

Krige alizunguka kabati.

Mshale ulipita kwenye mkono wa koti lake, chini ya kwapa, ukajikita kwenye nguzo ya karibu, ukamning'iniza hapo. Alipojaribu kujinasua Mwanapili alikuwa amefika. Alimpiga kwa ufito wa kuvulia kwenye kifundo, bunduki ikaanguka. Akampiga tena, maana mkono ulikuwa bado unawasha tangu alipolisikia lile tangazo la "wasijisumbue."

Nyuma yake turubai lilikuwa linatambaa kuelekea mlango wa uani. Garama alisimama njiani, amelishika rungu la mbao la kupigilia vigingi.

"Wapi kichwa?" aliuliza.

"Sijui, mzee. Kisia."

Garama alikisia. Alikisia mara mbili. Turubai likatulia.

Mwanapili aliukomoa mlango, akatembea hadi kaunta, akafungua mkoba, akatoa kikebe cha poda. Akabonyeza mara moja.

Ng'ambo ya barabara, kopo la Kimbo lililia.

*

Polisi kumi na wanne waliingia na aproni za jikoni bado viunoni. Inspekta Nzai aliingia wa kwanza, na panga lake la madafu. Alimkuta Krige ametundikwa kama nguo kwenye kamba, na Dorrell amekaa sakafuni, amefungwa kwa kamba za hema lake mwenyewe, fundo zuri la Garama.

Nzai alishika kopo akasema ndani yake.

"Madafu kwa Kahawa. Madafu kwa Kahawa. Maembe yamepatikana."

"Mangapi?" Sauti ya Mzee Abdurahman ilikuwa ya mtu ambaye hajala tangu jana.

"Kumi na mbili."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara tatu, mzee. Na orodha ya waliokuja kuvaa kanzu iko mfukoni mwa Dorrell, majina na vyumba vya hoteli. Wote wageni. Vijana wangu wanakwenda kuwachukua sasa hivi, wako kwenye chai."

"Alhamdulillahi," kopo lilisema.

Dorrell aliinua uso. Damu ilimtoka kwenye nywele. Alimtafuta Garama kwa macho, na mazoea yakamrudia.

"Boi," alisema. "Fungua mimi. Kamba nauma."

Garama alikuwa amekaa kwenye benchi la waombaji kazi. Aliinuka taratibu, akamsogelea, akamwinamia.

"Sema Kiswahili," alisema. "Unakijua."

Kisha alitoka nje, akaketi barazani. Mwanapili alimfuata na viatu mkononi. Mzee hakumtazama.

"Nilikuuza, mwanangu. Ulinisihi, na nikakuuza."

Mwanapili angeweza kumtuliza kwa maneno matamu. Hakutaka. Alikuwa bado ana hasira naye, na mzee aliijua.

"Uliniuza," alisema. "Kisha ukaifungua ile kamba. Nitaandika yote mawili."

"Ni haki," alisema Garama.

Walikaa hapo mpaka gari la polisi lilipoondoka.

Alasiri simu ya posta ililia. Mzee Abdurahman alimpongeza kwa maneno manne, kisha akamwambia Jumamosi asionekane Msambweni. Uso wake umejulikana. Pengine yuko mtu ambaye orodha haikumtaja.

"Kama yuko," alisema Mwanapili, "mama yangu yuko mstari wa mbele na hajui. Nitasimama karibu naye. Ukitaka kunifuta kazi, nifute Jumatatu."

Hakungoja amri ya pili.

*

Jumamosi jua lilikuwa kali na uwanja wa Msambweni ulijaa hadi kwenye mikorosho. Wajukuu sita walikuwa wamepangwa kwa urefu, nguo mpya, na babu yao Garama amesimama nyuma yao bila koti la khaki.

Ngoma za sengenya zilinyamaza. Bendera ilianza kupanda.

Mwanapili alisimama hatua mbili nyuma ya mamake. Hakuitazama bendera. Alitazama watu, mikono yao, kila kanzu na kila mfuko. Bi Kadzo alikuwa ameinua uso, leso imefungwa kiunoni, jasho linametameta shingoni. Shingo nyembamba hiyo, ya mama mzee. Mwanapili alisogea hatua moja mbele.

Bendera ikafika juu.

Upepo ukaikunjua. Mtoto mmoja akapiga chafya.

Ngoma zikapasuka zote kwa pamoja, na Bi Kadzo akaingia uwanjani kwa bega, akiongoza wanawake arobaini, na vumbi likapanda hadi magotini mwao. Alicheza mzunguko mzima. Aliporudi kwenye kivuli anahema, alimwona bintiye.

"Loo! Huyu naye katoka wapi? Wiki nzima hata salamu!"

"Shikamoo, mama." Mwanapili aliushika mkono wake akaubusu, akaushikilia kuliko kawaida.

"Marahaba. Una nini wewe? Umekonda. Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda Diani kuhojiwa. Kazi ya dukani, kuuza mahema."

"Kwa yule mzungu? Si aliandika watu wa pwani wasiende?"

"Nilikwenda hivyo hivyo."

Bi Kadzo alimkagua bintiye juu mpaka chini, akicheka kwa pembe ya jicho. "Na alikuuliza nini?"

"Mengi. Mwisho aliniuliza mimi ni mtu wa wapi."

"Ukasemaje?"

Ng'ambo ya uwanja Land Rover ilikuwa imekwisha kuwashwa, na Inspekta Nzai anaashiria kwa kofia. Mwanapili alivaa miwani yake ya jua.

"Nilimwambia mimi ni binti wa nani," alisema, akaanza kutembea.